Aliou Cissé: namba sita aliyekosa penalti ya Bamako, na kocha aliyeachwa akae

Wakuu, salaam.

Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome baadaye. Nimekuwa nao kichwani tangu Julai 2019 na kila nikiona kocha anafukuzwa baada ya mechi tatu unanirudia.

Mnakumbuka AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya Misri mwaka ule? Senegal ilipita juu ya Afrika Mashariki kama tingatinga. Tarehe 23 Juni ikatufunga Tanzania 2-0, Keita Baldé na Krépin Diatta, na bila Aishi Manula kusimama imara golini tungebeba kapu. Tarehe 1 Julai ikaifunga Kenya 3-0. Tarehe 5 Julai, 16 bora, ikaitoa Uganda 1-0 kwa bao la Sadio Mané. Upande wetu walikaa makocha watatu: Emmanuel Amunike (Tanzania), Sébastien Migné (Kenya) na Sébastien Desabre (Uganda). Desabre aliachana na Uganda siku hizohizo za Julai. Amunike, aliyetupeleka AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980, naye akaondoka Julai. Migné akafuata Agosti. Wote watatu.

Aliyewafunga, kocha wa Senegal Aliou Cissé, aliendelea mpaka fainali, akafungwa na Algeria, akarudi Dakar bila kombe. Ilikuwa AFCON yake ya pili kama kocha mkuu wa timu ya taifa na ya pili kuisha kwa machungu. Kazi akabaki nayo. Miezi thelathini baadaye akalibeba kombe ambalo Senegal haikuwahi kulishika.

Nataka tumzungumzie mtu huyo kuanzia uwanjani, maana bila kumjua Cissé mchezaji huwezi kumwelewa Cissé kocha.

Mtoto wa Ziguinchor

Alizaliwa tarehe 24 Machi 1976 Ziguinchor, kule Casamance, kusini kabisa mwa Senegal, ng'ambo ya Gambia. Akiwa na miaka tisa familia ikahamia Ufaransa, akakulia Champigny-sur-Marne, kitongoji cha mashariki ya Paris. Shikeni jina la kitongoji hicho, tutalirudia.

Soka ya kulipwa alianzia Lille, akapita Sedan, akasajiliwa Paris Saint-Germain mwaka 1998. Msimu wa 2001/02 alikuwa Montpellier kwa mkopo. Ukitafuta video za mabao yake utachoka, hakuwa mtu wa mabao. Alikuwa kiungo mkabaji, ile sisi tunaita namba sita, na hata jezi yake ya timu ya taifa kwenye Kombe la Dunia 2002 ilikuwa na namba hiyohiyo.

Mimi nimecheza namba sita mchangani kwa miaka, naijua kazi ile. Beki wa pembeni akipanda, wewe unateremka kuziba alipotoka. Kiungo mchezeshaji wenu akipoteza mpira, wewe ndiye wa kwanza kusimama mbele ya adui, na ukichelewa nusu hatua unampiga kiatu unakula kadi. Dakika tisini zinaisha, shati limelowa, na watu wanatoka uwanjani wakimtaja mwingine. Cissé alikula kadi nyingi. Mechi yake ya kwanza ya ligi Uingereza, akiwa na Birmingham City ugenini Highbury dhidi ya Arsenal mwezi Agosti 2002, alitolewa kwa nyekundu.

Lakini alipewa kitambaa cha unahodha. Timu yenye El Hadji Diouf, Khalilou Fadiga na Henri Camara iliongozwa na mkabaji. Mimi hapo ndipo nilipoanza kumtazama.

Bamako, 10 Februari 2002

Fainali ya AFCON, Mali. Senegal ilikuwa haijawahi kufika fainali. Cameroon walikuwa mabingwa watetezi. Dakika 120, 0-0, wakaenda matuta, yaani mikwaju ya penalti.

Mkwaju wa mwisho wa Senegal akaenda kuupiga nahodha. Angefunga, ingekuwa 3-3 na kazi ingeanza upya. Kipa Alioum Boukar akaupangua. Cameroon 3, Senegal 2.

Nilishawahi kukosa ya mwisho kwenye matuta, kombe dogo la mtaani. Kukosa kwenyewe kunapita haraka. Ninachokumbuka ni umbali wa kurudi, kutoka nukta ya penalti mpaka duara la kati ambako wenzako wamesimama wameshikana mabega. Hakuna anayekuja kukupokea mpaka uwe umefika. Sasa chukua umbali huo uuweke mbele ya bara zima, na wewe ndiye uliyevaa kitambaa.

Miezi mitatu na nusu baadaye, tarehe 31 Mei 2002, mtu huyohuyo aliiongoza Senegal kuingia uwanjani Seoul kufungua Kombe la Dunia dhidi ya Ufaransa, bingwa wa dunia na bingwa wa Ulaya. Kocha wa Senegal, Mfaransa Bruno Metsu, hakumvua kitambaa. Zidane alikuwa majeruhi, nafasi yake akapewa Youri Djorkaeff. Dakika ya 30 Diouf akamtoka Frank Leboeuf upande wa kushoto, akapiga krosi, Papa Bouba Diop akausukumia wavuni akiwa ameanguka chini. Jezi ikavuliwa ikalazwa pembeni ya kibendera, wakaizunguka wakicheza ngoma. Picha ile sote tunayo kichwani. Dakika sitini zilizofuata ni za kukaba, na kwa maoni yangu ndizo zilizoshinda mechi.

Walitoka sare na Denmark 1-1, na Uruguay 3-3, wakaitoa Sweden kwa bao la dhahabu (bao la muda wa nyongeza linalomaliza mechi papo hapo) la Henri Camara, kisha nao wakatolewa robo fainali na Uturuki kwa bao la dhahabu vilevile. Kabla ya hapo ni Cameroon ya 1990 pekee, kutoka Afrika, iliyokuwa imefika hatua hiyo. Pasi ya kisigino iliyomfungulia Camara njia ilitoka kwa kijana aitwaye Pape Thiaw. Jina hilo nalo litarudi.

Inaendelea...

Joola

Kuna mkuu ametuma ujumbe akisema niruke sehemu hii, ni nzito. Siwezi kuiruka.

Tarehe 26 Septemba 2002 meli ya Le Joola, iliyokuwa ikitoka Ziguinchor kwenda Dakar, ilipinduka baharini karibu na Gambia. Iliundwa kubeba watu wasiofika 600. Waliokufa ni zaidi ya 1,800. Walionusurika ni 64. Cissé alikuwa Birmingham, msimu wake wa kwanza umeanza tu, alipopata taarifa kwamba ndani ya meli ile walikuwamo ndugu zake. Ukoo wake ulipoteza watu zaidi ya kumi kwa usiku mmoja.

Tuliokuwa hai mwaka 1996 MV Bukoba ilipozama tunajua kijiji kinavyokaa siku hizo. Unauliza jina moja, unaambiwa matatu.

Ndani ya mwaka mmoja, basi: Februari anakosa penalti ya kombe, Mei anawafunga mabingwa wa dunia, Septemba anazika ukoo. Alikuwa na miaka 26. Sitaki kujifanya najua hayo yalimfanya nini moyoni. Najua tu kwamba baadaye, alipokuwa kocha, kila timu yake ilipopigwa na jambo zito hakuonekana akipiga kelele wala kumtupia mchezaji lawama hadharani, na mimi siwezi kuitazama tabia hiyo bila kuukumbuka mwaka 2002.

Maisha ya klabu yaliyobaki nayataja kwa haraka: Portsmouth kuanzia 2004, akarudi Sedan, akamalizia Nîmes, akatundika daluga 2009. Majeraha yalimpunguza. Si maisha ambayo mtu angeyaandikia uzi kama yangeishia hapo.

Kwenye benchi

Alianza chini, na hili nalipenda. Aliingia timu ya Senegal ya chini ya miaka 23 kama msaidizi mwaka 2012, kisha akapewa timu hiyo mwenyewe. Kizazi cha Olimpiki ya London 2012 kilikuwa na Sadio Mané, Idrissa Gana Gueye na Cheikhou Kouyaté. Kwa hiyo Machi 2015, Alain Giresse alipoondoka baada ya Senegal kutolewa hatua ya makundi AFCON, na Cissé akapewa timu ya wakubwa, hakuwa mgeni kwa wale vijana.

Mwaka huohuo Kalidou Koulibaly, aliyezaliwa na kukulia Ufaransa na kuichezea timu ya vijana ya huko, aliamua kuichezea Senegal. Ukimsoma Cissé vizuri utaona ni mtu wa namna hiyo hasa aliyekuwa akimhitaji. Alianza kujenga nyumba kutoka kwenye msingi: beki wa kati kwanza, kisha mkabaji, kisha kipa, halafu ndipo mapambo.

Golini alimweka Tony Sylva awe kocha wa makipa, yuleyule aliyesimama langoni Bamako na Seoul.

AFCON 2017, Gabon. Robo fainali, mpinzani ni Cameroon tena. 0-0 tena. Matuta tena. Mkwaju wa mwisho akaupiga Mané, ukapanguliwa, Vincent Aboubakar akaenda kumaliza, 5-4. Mané alilia uwanjani kama mtoto. Na kwenye benchi la Senegal amekaa mtu aliyekosa mkwaju wa mwisho dhidi ya Cameroon miaka kumi na mitano nyuma. Hakuna kocha mwingine duniani aliyekuwa na haki zaidi ya kumwambia Mané neno siku ile.

Shirikisho la Senegal, chini ya Augustin Senghor, lilimwacha aendelee.

Kombe la Dunia 2018 walifuzu kwa mara ya kwanza tangu 2002. Njiani kulikuwa na mechi ya Afrika Kusini iliyofutwa na kurudiwa, maana mwamuzi Joseph Lamptey aliwapa Bafana penalti ya mkono wakati mpira ulimgonga Koulibaly gotini. Lamptey alifungiwa maisha. Mechi ya marudio, Novemba 2017, Senegal ikashinda 2-0 ugenini.

Kule Urusi Cissé alikuwa kocha mweusi pekee kati ya timu 32. Mnakumbuka rasta zake, suti nyeusi, ile ngumi aliyoirusha hewani siku ya Poland. Wakaifunga Poland 2-1, wakatoka 2-2 na Japani, wakafungwa na Colombia 1-0. Senegal na Japani wakalingana kila kitu: pointi nne, mabao manne ya kufunga na manne ya kufungwa, na wao kwa wao sare. Ikaamuliwa kwa kadi za njano. Japani nne, Senegal sita. Hakuna timu iliyowahi kutolewa Kombe la Dunia kwa namna hiyo kabla yao. Kocha aliyekuwa kiungo wa kadi akatolewa kwa kadi. Hakulia na FIFA. Alisema kanuni ilijulikana kabla ya mashindano kuanza.

Shirikisho likamwacha aendelee tena.

Cairo, 19 Julai 2019

Sasa turudi Champigny-sur-Marne. Kocha wa Algeria kwenye fainali ile alikuwa Djamel Belmadi, naye kiungo wa zamani, naye mtoto wa kitongoji kilekile. Cissé amezaliwa tarehe 24 Machi 1976, Belmadi tarehe 25 Machi 1976. Siku moja baina yao, mitaa ileile, na miaka 43 baadaye wanasimama kwenye fainali ya Afrika kila mmoja na timu yake.

Senegal iliingia bila Koulibaly, aliyekuwa na adhabu ya kadi, na bila kipa Édouard Mendy, aliyevunjika kidole mapema kwenye mashindano. Dakika ya pili Baghdad Bounedjah akapiga shuti, likamgonga Salif Sané, likapaa, likamshukia Alfred Gomis nyuma ya kichwa. 1-0. Likabaki hivyo mpaka mwisho.

Kuhusu Mané na penalti, maana ni hapo ninapotaka kufika. Mashindano yale alikosa moja dhidi ya Kenya, akaidaka Patrick Matasi (alifunga nyingine baadaye mechi ileile). Akakosa dhidi ya Uganda, akaipangua Denis Onyango. Ilipofika nusu fainali na Tunisia, penalti akaenda kupiga Henri Saivet, akakosa pia. Ugonjwa wa penalti ulikuwa umeingia nyumba nzima.

Usiku ule wa fainali nilisema kwa sauti kubwa mbele za watu kwamba Cissé ameisha. Nilikosea, na nimeubeba uzi huu kwa sababu hiyo.

Inaendelea...

Yaoundé

AFCON iliyofuata ilikuwa Cameroon, Januari na Februari 2022. Hatua ya makundi Senegal ilicheza mpira ambao watu waliutukana, na sisi humu jukwaani tuliutukana sana. Zimbabwe 1-0, penalti ya Mané dakika ya 97. Guinea 0-0. Malawi 0-0. Kundi zima bao moja, na la penalti. Lakini pia: mechi tatu, hawajafungwa hata bao moja, na wachezaji kadhaa wa kikosi cha kwanza, Mendy na Koulibaly wakiwamo, walikosa mechi za mwanzo kwa korona.

Ni hapo nilipoiona jezi namba sita ikitembea kwenye suti. Mkabaji hana haraka. Anaziba, anasubiri mpinzani achoke, halafu ndiyo anatoa pasi. Cape Verde 2-0. Guinea ya Ikweta 3-1. Nusu fainali Burkina Faso 3-1, na angalieni dakika: bao la kwanza la Abdou Diallo dakika ya 70, la Gana Gueye 76, la Mané 87. Wengine walisema Senegal imechelewa kuamka. Mimi nasema ilikuwa macho muda wote.

Tarehe 6 Februari 2022, uwanja wa Olembe, dhidi ya Misri ya Mohamed Salah. Zimebaki siku nne itimie miaka ishirini tangu Bamako. Na nchi ni ileile iliyomliza, safari hii ni mwenyeji.

Dakika ya saba Senegal inapata penalti. Mané anapiga, kipa wa Misri Gabaski anapangua. Dakika 120 zinakwisha, 0-0.

Wakuu, simameni hapa kidogo. Orodha ya wapigaji watano inaandikwa. Mané amekosa Gabon 2017. Amekosa mara mbili Misri 2019. Amekosa saa mbili zilizopita, kwenye fainali hiihii, kwa kipa huyuhuyu. Kocha yeyote angepata kisingizio cha kumwondoa na hakuna ambaye angemlaumu. Mané aliachwa namba tano.

Koulibaly akafunga. Abdou Diallo akafunga. Abdou Diallo akafunga. Bouna Sarr akapanguliwa na tumbo likaanza kuuma. Bamba Dieng akafunga. Mendy akaudaka wa Mohanad Lasheen, Mendy huyu aliyefundishwa na Tony Sylva. Akabaki Mané na Gabaski, Salah amesimama duara la kati akisubiri zamu ambayo haikufika. Mané akapiga kwa nguvu zote. 4-2.

Mwezi uliofuata wakaitoa Misri tena kwa matuta, 3-1, Diamniadio nje ya Dakar, wakafuzu Kombe la Dunia. Mpigaji wa mwisho alikuwa Mané tena.

Majibu kwa waliochangia

Nimesoma michango yote, asanteni. Naomba nijibu michache.

Kuna mkuu anasema Cissé alibebwa na kizazi cha dhahabu, ukimpa yeyote Mané, Koulibaly na Mendy atabeba kombe. Ndugu yangu, Algeria ya Belmadi ilikuja Cameroon 2022 ikiwa bingwa mtetezi, na Riyad Mahrez, haijafungwa mechi 35. Ikamaliza ya mwisho kwenye kundi na pointi moja. Kizazi hakijipangi chenyewe. Na kumbuka Senegal ya 2002 nayo ilikuwa kizazi, kombe hawakupata.

Dada aliyeandika kwamba soka lake halina raha, uko sahihi kwa kiasi kikubwa na sitabishana sana. Zipo mechi za Senegal ya Cissé nilizotazama nikisinzia. Ila nakuomba urudi kwenye mechi ya Ecuador, Kombe la Dunia Qatar, 29 Novemba 2022. Mané hayupo, ameumia kabla ya mashindano. Wanahitaji ushindi. Ecuador wanasawazisha dakika ya 67, na dakika tatu baadaye Koulibaly anafunga, 2-1. Kwenye kitambaa chake cha unahodha alikuwa ameandika 19, namba ya Papa Bouba Diop, aliyefariki tarehe kama hiyo miaka miwili nyuma. Siku ile walicheza mbele, walicheza haraka. Kisha England wakawapiga 3-0 hatua ya 16, na pale walizidiwa, hakuna la kuficha.

Mkuu uliyeniletea mfano wa Emerse Faé, kwamba alibeba kombe bila kupewa muda, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu na imenikosesha usingizi. Ni kweli. Januari 2024 Cissé alishinda mechi zote tatu za makundi Ivory Coast: Gambia 3-0, Cameroon 3-1, Guinea 2-0. Wenyeji walikuwa wamepigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta, wakamwondoa Jean-Louis Gasset katikati ya mashindano, wakamkabidhi msaidizi wake Faé. Tarehe 29 Januari, Yamoussoukro, Senegal ikaongoza kuanzia dakika ya nne kwa bao la Habib Diallo, Franck Kessié akasawazisha kwa penalti dakika ya 86, na matuta yakaisha 5-4 kwa wenyeji. Faé akaenda kubeba kombe ndani ya wiki mbili na ushee. Hakupewa muda hata kidogo, naye ni kiungo wa zamani.

Sina jibu la kukumaliza, mkuu. Ninachoweza kusema ni kwamba Faé hakuokotwa barabarani. Alikuwa ndani ya benchi lile, anawajua wachezaji kwa majina na magoti yao. Na yeye mwenyewe, baada ya kombe, aliachwa aendelee. Lakini nakubali, mfano wake unaichana hoja yangu mahali fulani, na sitaushona kwa nguvu.

Mwingine ameuliza kwa nini basi Senegal waliachana naye kama alikuwa mzuri hivyo. Mkataba wake uliisha Agosti 2024, na Oktoba wizara ya michezo ikakataa kuuongeza. Naamini walikuwa na haki. Miaka tisa na nusu ni mingi, timu ilikuwa imezoea sauti moja, na mashabiki walikuwa wamechoka. Kumpa kocha muda hakuna maana ya kumpa umilele. Nafasi yake akaichukua Pape Thiaw, yule wa kisigino cha mechi ya Sweden, ambaye mwanzoni mwa 2023 alikuwa ameshabeba CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani. Cissé mwenyewe akaenda Libya mwaka 2025.

Na wa mwisho, kijana aliyesema amezaliwa 2004, hajawahi kumwona Cissé akicheza, aanzie wapi. Tafuta mechi nzima ya Senegal na Ufaransa 2002, usitazame dondoo. Mpira ukiwa kwa Diouf, usimtazame Diouf. Mtafute namba sita, angalia amesimama wapi, anamwonyesha nani kwa mkono, anageuza shingo mara ngapi kabla mpira haujamfikia. Fanya hivyo kwa dakika ishirini, kisha urudi hapa uniambie umeona nini.